Sauti ya Ajuza wa Bonde la Moshi

Bariadi, kibandani kwetu
Jumamosi, saa kumi jioni

Kabula mwanangu,

Mwangaluka. Najua sasa hivi ni jioni, lakini utaisoma barua hii kesho asubuhi ukiwa umeshakaa dirishani kwenye basi, kwa hiyo nakuamkia ya asubuhi kabisa. Mimi, kama ninavyojijua, wakati huo nitakuwa nimerudi hapa kibandani najifanya napanga waya.

Usishtuke na unene wa bahasha. Habari za kufunga begi vizuri, kutokula vya njiani na kumpigia shangazi yako ukifika Dar, mama yako ameshakuambia mara tatu, na ya nne atakuambia mlangoni. Mimi sirudii. Humo ndani kuna flashi nyekundu, ile niliyoifunga kamba ya kiatu ili isipotee. Nimekujazia katuni. Sizoni nzima nzima, sehemu zote, hakuna inayokwama katikati, maana nimezipitia mwenyewe moja moja wiki nzima hii na macho yananiuma. Unaenda kufanya kazi ya kuingiza sauti kwenye katuni, kazi ya mshahara na mkataba, na mimi baba yako nimetafsiri muvi kwa mdomo kwenye kibanda umiza hiki, banda letu la video, tangu hujazaliwa. Kama kuna kitu ninachoweza kukupa cha kubeba, ni hiki.

Halafu kuna jambo. Nitalifikia. Unanijua, nikishika maiki lazima kwanza nimsalimie mwenye duka la jirani, niwasalimie waliokaa mbele, nimtanie aliyechelewa, ndipo mpiganaji aruhusiwe kurusha ngumi ya kwanza. Nivumilie na leo.

Anza na Wachunga Mawingu. Jina hilo siyo la kwenye kasha, wateja wetu ndio waliolibatiza, na la kwenye kasha hakuna aliyewahi kuweza kulitamka, mimi nikiwa wa kwanza. Ni habari ya kaka na dada ambao watu wao wanafuga mawingu mlimani, wanayaswaga asubuhi na kuyarudisha jioni, kila wingu na jina lake. Siku moja dume lao jeupe linapotea na wao wanalifuata. Hakuna vita mpaka sehemu ya tisa. Ndiyo maana nakuambia uiangalie wiki ya kwanza, kwa sababu wiki ya kwanza ugenini mtu hataki makelele, anataka kitu kinachotembea polepole pembeni yake.

Hukuwepo siku nilipoionyesha mara ya kwanza, ulikuwa shule. Wazee walikuwa wametoka mnadani, wameingia na fimbo zao kukwepa jua. Acha kabisa! Walibishana na katuni kama wanabishana na dalali. "Dume gani lile halina nundu?" Mwingine anasema, "Huyo aliyelichora hajawahi kuswaga hata mbuzi." Nikawa natafsiri na kuamulia ugomvi hapo hapo. Lakini ilipofika sehemu ya mwisho, lile dume linajinyeshea lote juu ya kijiji kikavu mpaka linakwisha, mzee aliyekuwa analikosoa kwa kukosa nundu alivua kofia. Mimi nikazima maiki. Watu wakasikia mvua tu. Ukifika hapo, Kabula, sikiliza jinsi wale wenzetu waliotengeneza hawakuweka neno hata moja. Siku utakayopewa sehemu kama hiyo na mtu akakuambia ongeza ongeza maneno, mkatalie kwa heshima.

Mapanga Elfu sijakuwekea. Utawasikia wenzako huko wanaisifu. Sizoni ya kwanza tamu, ya pili tamu, ya tatu jamaa amekufa, ya nne amefufuka, ya tano kumbe alikuwa na pacha. Mimi niliitafsiri sizoni zote nane kwa sababu nilikuwa nimeshaanza. Ndivyo nilivyolima pamba misimu mitano kwenye lile shamba la mbugani linalojaa maji kila mwaka, kwa sababu hiyo hiyo. Mama yako aliniambia, "Baba Kabula, hata ng'ombe akiona dimbwi anazunguka." Nikamnunia wiki nzima, na mwaka uliofuata nikapanda tena pale pale. Kitu kikikuchosha, kizime. Hakuna atakayekuja kukuuliza kwa nini hukumaliza.

Ya pili iliyomo ni Kijiji Chini ya Ziwa. Hiyo fupi, unaweza kuimaliza yote Jumapili moja na michembe ya Bibi yako, vile viazi vyake vya kukausha, pembeni. Binti mmoja anashona nyavu, na usiku nyavu zake hazinasi samaki, zinanasa maneno ya watu wanaoishi chini ya maji. Yule mama wa Kalemela aliyekuwa anatuletea dagaa aliiangalia amesimama mlangoni na beseni lake kichwani, akasema, "Mimi ziwa nalijua, hakuna watu kule chini. Ila kama wapo, watakuwa wanatushangaa tunavyowaibia samaki." Nikaliiba neno lake nikalitia kwenye tafsiri, na banda likacheka mpaka mabati yakalia. Hiyo nakuwekea kwa siku ambayo mtu wa kazini atakuudhi. Isikilize sauti ya yule binti. Haipandi hata anapokasirika.

Sasa nimefika kwenye jambo lenyewe, na tazama, mkono umeanza kuandika kubwa kubwa kama wa mtoto wa darasa la pili.

Jumatano iliyopita ulikuwa jikoni na mama yako, mnamenya viazi. Mimi nilikuwa nje nafunga waya wa antena, dirisha liko wazi. Nilikusikia unamwambia kwamba hao wa studio wamekutumia karatasi ya kazi ya kwanza, na wamekupa sauti ya bibi kizee. Mama yako akapiga kigelegele. Wewe ukasema, "Sitaichukua, mama. Nitawaambia wanipe nyingine, na kama hawana basi. Sauti ya bibi kizee siwezi. Nilishamponza Bibi kwa sauti hiyo."

Mama yako akasema, "Hayo ya utotoni wewe bado unayo?"

Ukasema, "Ninayo."

Kabula, nilikaa chini. Nilikaa pale pale kwenye ndoo ya chokaa, koleo mkononi. Miaka kumi na miwili mtoto wangu amebeba mzigo, na mzigo huo ni wangu, na nilikuwa namwona anavyoubeba na sikusema kitu. Sasa nasema.

Ya tatu kwenye flashi ni Ajuza wa Bonde la Moshi. Najua ukiliona jina utataka kuitupa flashi dirishani. Usiitupe. Nisome kwanza.

Wewe ulikuwa na miaka minane. Ile katuni ilinijia sizoni ya kwanza tu, na ilikuwa nzuri ajabu. Watoto watatu wanapita bonde lenye moshi, na mle ndani kuna ajuza mwenye macho mekundu anayewawinda. Watoto wakimwona wanakimbia, ng'ombe wakimwona wanakufa. Nikatafuta sauti ya kumpa. Unajua kazi yetu, kila mtu kwenye muvi lazima apate sauti yake, na mimi sauti zangu zote nilishazitumia. Jambazi nilishampa sauti ya kinyozi, mfalme nilishampa ya mhasibu wa kiwanda cha pamba. Nikakumbuka Kasoli, kijijini kwa kina mama yako.

Nilipokuwa namchumbia mama yako nilikaa upenuni kwao siku nzima nzima, kama mila inavyotaka, na ndani nilikuwa namsikia Bibi yako akiongea na majirani. Ile sauti ya kukwaruza. Anavyolivuta neno la mwisho. Na anavyomaliza kila mazungumzo, yawe ya msiba au ya mbuzi aliyepotea: "Haya, tuone." Kasoli nzima inamjua kwa hilo. Nikaichukua sauti hiyo yote, na "haya, tuone" yake, nikampa mchawi.

Na unajua mkwe kwetu ni nini. Mama mkwe huli naye, humtanii, ukikutana naye njiani unapisha na macho unayainamisha. Hata jina lake silitaji mpaka leo. Halafu mimi, mtu mzima na akili zangu, nimechukua sauti yake kuchekesha watu kibandani! Nilijua ni kosa. Nilijiambia atajuaje, hapandi Bariadi ila kwa kliniki. Na watu walicheka, mwanangu. Kucheka kwa watu kulikuwa kunanilevya mimi kuliko pombe. Wewe mwenyewe ulikuwa umekaa mbele kwenye mkeka, ukicheka kuliko wote.

Siyo kucheka tu. Nilirekodi, nikachoma CD, na mwenye banda mmoja wa Kasoli akaja kuchukua. Ulikuwa msimu wa kuuza pamba, watu wamejaa senta, banda lake linaonyesha kuanzia asubuhi. Wakamjua siku ya kwanza. "Huyu si bibi wa pale kwenye minyaa?" Na macho ya Bibi yako ni mekundu, hilo nani asiyelijua, miaka yote amepikia watu vijiti vya pamba kwenye jiko lisilo na dirisha. Kwingine mtu mwenye macho mekundu wanampa dawa ya matone. Kwetu hapa wanasema ni mchawi, na unajua bibi wangapi wamelala hawakuamka kwa sababu ya macho yao. Mimi nilikuwa nalijua hilo kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana nilijua lingechekesha.

Sikiliza vizuri hapa, usiruke mstari. Wewe ulikwenda Kasoli likizo ya Juni. CD ilikuwa imeshatangulia wiki mbili. Watoto walikuwa wameshaanza kumwita Ajuza kabla hujashuka kwenye pikipiki. Ulipokwenda kisimani ukawasikia wanaigiza, na kwa kuwa ulikuwa mtoto na ulikuwa unampenda, ukajivuna, ukasema, "Hiyo sauti ni ya bibi yangu!" Ukaiga, na uliiga vizuri kuliko wote. Ndicho ulichofanya. Mtoto amejivunia bibi yake.

Kisha mawe yakaanza kutua juu ya bati. Kisha ile karatasi chini ya mlango, iliyosema ahame. Mwenyekiti wa kitongoji, Mungu ambariki, hakungoja la pili. Alimpakia Bibi yako kwenye pikipiki na kifurushi kimoja na kuku mmoja, akapakia na wewe, akawaleta hapa Bariadi. Nikawapokea uani. Mwenyekiti akasema, "Watoto wanasema mjukuu ndiye aliyesema kisimani."

Nami nikashika fimbo.

Nilikuchapa mbele ya mwenyekiti, mbele ya mama yako, mbele ya Bibi yako aliyekuwa bado ameshika kuku wake. Nikasema, "Umetuletea balaa!" Nakumbuka uliniangalia. Hukulia mpaka fimbo ya tatu. Na wakati nakuchapa nilijua, Kabula. Hilo ndilo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Siyo kwamba niligundua baadaye. CD zilizobaki zilikuwa kwenye boksi nyuma yangu, na mimi nachapa, na ninajua.

Jioni yake nilizichoma moto nyuma ya choo. Wewe nikakuacha hivyo hivyo.

Muhula mzima hukuiga hata mbuzi. Mwalimu wako aliniita akaniuliza, huyu mtoto mchangamfu ana nini? Nikasema malaria. Ukaja kurudi polepole, nafikiri ulikuwa darasa la sita, siku ulipomwiga mtangazaji wa mpira ukiwa unaosha vyombo na mimi nikasimama nje nikashukuru Mungu. Lakini bibi kizee hukumwiga tena. Nilikuwa naliona hilo. Nilikuwa natumaini ni mimi tu ninayeliona.

Miezi michache baada ya Bibi kuhamia kwetu, ikaja sizoni ya pili. Nikafunga mlango nikaiangalia peke yangu. Kabula wangu! Kumbe yule ajuza hakuwa anawawinda watoto. Chini ya lile bonde kuna kitu kibaya kimelala, na kinaogopa moto tu, na yeye amekaa mdomoni mwa shimo miaka yote anachochea kuni ili kisitoke. Macho ni mekundu kwa sababu ya moshi. Alikuwa anawafukuza watoto wasitumbukie. Ng'ombe walikuwa wanakufa kwa sababu ya kile cha chini. Yote yamo, sehemu ya kumi na nne, na mimi nilikuwa nimeshamhukumu na kumpa sauti na kumtangaza mpaka Kasoli nikiwa nimeona nusu tu. Nililia, sikufichi. Nikaenda kuzima jenereta nilie gizani, mama yako afikiri mafuta yamekwisha.

Na sikuitafsiri. Wateja wakauliza, "Sizoni ya pili vipi?" Nikasema haijatoka. Mpaka leo watu wa hapa wanaamini yule bibi ni mchawi, na aliyewafanya waamini ni mimi.

Basi baada ya kukusikia Jumatano, Alhamisi nilimfuata Bibi yako. Alikuwa jikoni anapeta choroko. Unajua siwezi kuingia alipo, nikakaa nje chini ya dirisha, mgongo ukutani, nikiangalia kuku.

"Mama, mwadila."

"Mwadila, baba. Mhola?"

"Mhola. Mama, nina neno."

"Sema, mimi nafanya kazi yangu."

Nikasema yote. Upenu wa Kasoli, maiki, CD, fimbo. Nilisema vibaya, mimi ninayelipwa kwa kusema. Ungo ukawa unapeta, unapeta, halafu ukanyamaza.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Mimi nilijua mwaka ule ule. Nilipita nyuma ya banda la pale Kasoli na maziwa, nikajisikia naongea ndani. Nikasimama. Nikasema, makubwa! Kama mimi niko huku nje, huyo aliyeko ndani ni nani?" Akakohoa. "Nikasikiliza kidogo. Nikamjua mkwe wangu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nikwambie nini, na wewe ni mkwe? Nikasema atasema mwenyewe. Nikangoja." Kisha akasema, na sauti ilibadilika: "Nyumba yangu imeniuma. Kaburi la mzee wangu liko kule, mimi niko huku, hilo linaniuma mpaka leo, usidhani haliniumi. Lakini hayo nimekusamehe zamani, nimekula ugali wako miaka yote hii. Ile fimbo uliyompiga mtoto, hiyo usiniombe mimi. Kamwombe mwenyewe."

Nikasema nitamwomba.

"Na jambo lingine. Uliniiga vibaya. Mimi sicheki vile. Ule ni mlio wa fisi."

Haki ya Mungu, alisema hivyo. Halafu akauliza, "Huyo mwanamke wako wa moshi aliishia wapi?" Nikamsimulia sizoni ya pili pale pale ukutani, sehemu kwa sehemu, na choroko hazikupetwa tena mpaka nimefika mwisho. Akasema, "Na watu wanajua?"

"Hawajui, mama."

"Miaka yote hiyo hujawaambia?"

"Sijawaambia."

"Basi waambie."

Jana, wakati wewe ulipokwenda kuaga kwa mama mkubwa wako, tulirekodi. Nilitundika kanga mbili katikati ya kibanda, yeye upande mmoja na maiki yake, mimi upande wa pili nimempa mgongo, ili mila isivunjike zaidi ya ilivyokwisha kuvunjika. Mimi nikawa watoto wote watatu na ng'ombe. Yeye akawa Ajuza. Nilikuwa namnong'oneza maneno kabla, na yeye anayakataa. "Mtu aliyechochea kuni miaka arobaini hasemi hivyo," anasema, na anasema anavyotaka yeye. Sijui kusoma na kuandika kwake kukoje, lakini yule amekuwa mtafsiri bora kuliko mimi kwa mchana mmoja. Tumefanya ile sehemu ya kumi na nne tu. Zilizobaki tutazifanya wiki ijayo, na tutazionyesha hapa bure, na moja nitaipeleka Kasoli mwenyewe kwa mkono wangu, kwenye banda lile lile, nitasimama mbele ya watu na kusema ni nani aliyeanza.

Kwa hiyo ukifungua flashi, Ajuza usianze na sizoni ya kwanza kama kawaida. Fungua lile folda nililoliita BIBI. Utafika mahali ambapo watoto wanamuuliza kwa nini hakuwahi kuwaambia watu ukweli, na yeye anacheka. Nimekirudia kile kicheko jana mara saba. Mara ya kwanza nilifikiri nimekosea faili, kwa sababu nilikusikia wewe. Ni cheko lako, Kabula, lile la kwenye mkeka wa mbele, linaloanza puani. Nilikuwa nimekaa na wote wawili nyumba moja na sikuwahi kulitambua, kwa sababu Bibi yako mbele yangu hacheki, na wewe baada ya siku ile ulikuwa ukicheka unafunika mdomo.

Mwanangu, hukumponza mtu. Ni mimi. Sauti niliiba mimi, CD niliuza mimi, na fimbo niliyokupiga ilikuwa yangu kuipokea. Nakuomba msamaha. Sikuombi ujibu haraka, na ukikasirika kasirika, una haki. Nipigie unitukane, nitasikiliza bila kukukatiza, jambo ambalo unajua ni gumu kwangu. Ila ile karatasi ya kazi usiwarudishie. Sauti hiyo umeirithi kwa mwenyewe na mwenyewe yuko hai, anapeta choroko, na amesema wazi kwamba anataka kuisikia ikitoka kwenye runinga ikiwa imesemwa vizuri safari hii.

Nakupenda sana, binti yangu. Hilo nalo nimelisema kwa sauti za watu wengine zaidi ya miaka ishirini, wafalme na wachumba na majambazi wanaokufa, na kwa yangu sijui kama uliwahi kulisikia.

Bibi yako amepita hapa mlangoni sasa hivi na michembe ya kukufungia. Amesimama kule nje, hakuniangalia na mimi sikumwangalia. Ameuliza kama nimeshaandika. Nimemwambia nimeandika yote, na kwamba nimemwomba mtoto aichukue kazi ya bibi kizee.

Akasema, "Haya, tuone."

Baba yako